Hoja Isiyo na Mwungaji Mkono

Nilizaliwa Kondoa, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yangu, kati ya magunia ya chumvi na madebe ya mafuta ya taa. Baba naye alizaliwa humo humo. Babu ndiye aliyetoka Gujarati, na sisi wajukuu Gujarati tuliijua kwa chakula na kwa sala tu. Yaya aliyenilea alikuwa Mrangi, kwa hiyo Kirangi nilikiwahi kabla ya Kiswahili. Wasandawe waliotuletea asali dukani walinifundisha kuwaamkia kwa lugha yao yenye vidoko vya ulimi, na kaka yangu mkubwa, ambaye ulimi wake haukukubali, alinionea kijicho kwa hilo.

Duka lilikuja kuwa la kaka, kama ilivyokuwa desturi. Mimi nilikwenda Dodoma nikajifunza kazi ya kupiga chapa kwa mzee mmoja wa jamii yetu aliyekuwa na mashine karibu na reli. Alipohamia Dar es Salaam aliniachia mashine hiyo pamoja na makasha ya herufi za risasi. Nikaoa, nikapata binti mmoja, nikapanga nyumba katika mtaa wa Kikuyu. Asubuhi nilikwenda kwa miguu kufungua kiwanda, jioni nilirudi na wino kwenye kucha. Tulichapa kadi za harusi, ripoti za shule, vitabu vya nyimbo vya makanisa na ratiba za swala za misikiti. Bunge lilipokuja mji ulijaa magari na suti. Lilipoondoka tulibaki na upepo na vumbi lake. Kwa miaka mingi sikuomba zaidi ya hapo.

Kisha ikaja ile miaka ya ruhusa. Sabuni ikarudi madukani, mitumba ikatandazwa kila kona, watu wakaanza kusema kwa sauti mambo waliyokuwa wakiyasema kwa kunong'ona. Mara tukasikia vyama vingine vimeruhusiwa. Mimi nilisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mkoa mwingine. Mhindi na siasa? Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mtu wa aina yetu hufunga mlango wake, hulipa kodi yake, na jina lake halitajwi mahali popote.

Alasiri moja waliingia watu wawili kiwandani: mwalimu mstaafu aliyewahi kumfundisha binti yangu, na fundi cherehani wa sokoni. Mwalimu alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Tunataka vipeperushi. Kwingine wametukatalia."

"Wamewakatalia kwa sababu gani?"

"Wanasema mashine mbovu."

"Zote?"

"Zote, siku moja," fundi akasema, na wote watatu tukacheka, ingawa mimi nilicheka kwa woga.

Niliwaambia waniachie karatasi yao niitazame. Nilianza kupanga herufi nikijidanganya kwamba napima tu kama itaenea ukurasa mmoja. Mpiga chapa wa zamani husoma kinyumenyume, herufi moja moja, wala hawezi kuruka neno. Karatasi ile ilisema kwamba mwananchi ana haki ya kuuliza na kujibiwa: kwa nini bomba la mtaa wake halitoi maji, nani alipanga barabara ipite pale isipite hapa. Hapakuwa na tusi ndani yake. Nilipofika nukta ya mwisho nikagundua kwamba nakubaliana na kila kitu nilichokipanga. Nikawasha mashine.

Baada ya vipeperushi waliniomba ua wa nyuma wa kiwanda kwa mkutano, kwa kuwa kila mwenye ukumbi alikuwa na mgeni siku hiyo. Baada ya ua waliniomba niandike kumbukumbu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Baada ya miezi michache nilikuwa katibu wa tawi, na bado nilijiambia kwamba mimi ni mpiga chapa tu.

Kaka alisikia habari hizo Kondoa, akapanda basi la alfajiri. Nilimkuta saa nne ameketi kwenye kibao mbele ya kiwanda, vumbi limempaka mpaka kwenye nyusi. Hakutaka kuingia ndani, wala chai hakuitaka.

"Ni kweli?" akaniuliza kwa Kigujarati.

"Ni kweli."

"Unajua leseni ya duka inasainiwa na nani? Unajua nikienda ofisini naulizwa habari zako kabla ya kuulizwa hali?"

"Kaka, sheria imeruhusu."

"Sheria!" Akahamia Kiswahili, kama alivyofanya kila alipokasirika. "Nyumba ya baba serikali ilipoitaifisha, haikuwa sheria? Sheria inakuja na kuondoka. Sisi tunabaki. Na tunabaki kwa sababu hatusemi."

Nikamwambia kwamba hatukubaki. Nikamhesabia kwa vidole familia za jamii yetu zilizokuwapo Kondoa tukiwa wadogo na zilizokuwapo siku ile. Vidole vya kuhesabia waliobaki vilikuwa vya mkono mmoja. Nilidhani nimeshinda mabishano. Kaka akasema taratibu, "Basi usinipunguzie hata hao." Akaondoka kwa basi la mchana lile lile. Mwezi mmoja baadaye dereva wa basi la Kondoa aliniambia kwamba kwenye bango la duka, maneno "na Ndugu" yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe.

Watu wa jamii yetu Dodoma hawakuniambia neno baya hata moja. Walikuwa waungwana mno kwa hilo. Walichofanya ni kutokuja. Jumapili ambazo nyumba yetu ilikuwa na viatu vingi mlangoni, sasa palikuwa na jozi mbili, za mke wangu na zangu. Sikukuu yetu ya taa ilipofika, mke wangu alipika vitamu vya kuwatosha watu ishirini kwa mazoea ya mkono. Tukavila sisi wawili kwa wiki nzima mpaka vikatuchosha. Hakunilaumu. Siku moja tu alisema, huku akifunga kopo, "Wewe una watu wako wa mikutano. Mimi watu wangu walikuwa hawa."

Binti yetu alikuwa ameolewa Uingereza na alikuwa karibu kujifungua. Mke wangu akaenda kumsaidia kwa miezi mitatu. Nilimsindikiza hadi Dar es Salaam, nikarudi Dodoma kwa treni, nikaingia nyumba ambayo kwa mara ya kwanza tangu nioe haikuwa na harufu ya kitu chochote jikoni. Nilijifunza kupika wali uliochanganywa na choroko. Nilikula huo, mchana na jioni, kwa miaka.

Uchaguzi wa madiwani ulipokaribia, tawi letu lilitafuta mgombea wa kata. Mwalimu alikataa, moyo wake ulikuwa unamsumbua. Fundi alikataa kwa sababu mkewe alikuwa amempa masharti. Wengine walikuwapo, lakini Waislamu walimtilia shaka aliyekuwa Mkristo, Wakristo wakamtilia shaka aliyekuwa Mwislamu, Mgogo hakumtaka Mrangi na Mrangi hakumtaka mtu wa kuja. Mwishoni mwalimu akanigeukia.

"Wewe huna kabila hapa," akasema.

"Ndiyo. Kwa hiyo sifai."

"Kwa hiyo hakuna wa kukuogopa."

Nimeyafikiria sana maneno hayo baadaye. Siku ile niliyasikia kama heshima. Nilichelewa kuona kwamba asiye na wa kumwogopa huwa pia hana wa kumgombea.

Kampeni niliifanya kwa miguu. Mpinzani wangu alikuwa mtu wa chama kikubwa aliyeletwa kutoka kata nyingine, na watu wa kata hawakumpenda. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu, si ufasaha wangu. Kwenye mkutano wa kwanza mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Huyu Mhindi ana pasi ya Ulaya mfukoni! Mambo yakiharibika ataruka!" Nikatoa mifuko yangu yote nje, ya suruali na ya shati, nikasimama hivyo mbele ya watu huku mifuko imening'inia kama masikio ya mbuzi. Kulikuwa na leso na kipande cha penseli. Watu wakacheka. Nikawaamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia.

Kilichonisaidia kuliko yote ni mlenda. Mimi sili nyama, na niliogopa kwamba nitawaudhi watu kwenye nyumba zao. Lakini Ugogoni mgeni huletewa ugali wa uwele na mlenda, ile mboga ya kuteleza, na mlenda naupenda tangu utotoni kwa yaya. Nilikula kwa mkono, nikijua namna ya kuukata ule uzi unaovutika. Akina mama wakasimuliana: yuko Mhindi anayekula mlenda na kuomba wa pili. Nadhani nilichaguliwa na akina mama hao. Nilishinda kwa kura chache. Watu walinibeba juu juu kwa nyimbo kutoka kituo cha kura hadi mlango wa kiwanda changu, wakanishusha, wakanipongeza, wakaenda zao. Nikabaki mlangoni na funguo mkononi. Nilitaka kumwambia mtu. Nilikwenda posta, nikaomba simu ya Uingereza, nikasubiri kwenye benchi hadi nikaitwa kibandani.

"Nimeshinda," nikamwambia mke wangu.

Ukaja kwanza ule mwangwi wa simu za mbali. "Hongera," akasema. "Kwa hiyo ni miaka mingapi?"

"Mitano."

"Mitano," akarudia, kama mtu anayeandika.

Katika baraza la madiwani nilikuwa mimi peke yangu wa upinzani. Ukumbi ulipangwa kwa meza ndefu, na kiti changu kilikuwa cha mwisho upande wa dirisha. Kulikuwa na kiti kitupu kati yangu na jirani. Hakuna aliyeamuru kiwe kitupu. Kila kikao mtu aliingia, akakitazama, akaenda kukaa kwingine. Hawakuwa watu wabaya. Nje ya ukumbi walinisalimu, mmoja alikuja kuchapishiwa kadi za harusi ya mwanawe. Ila wakati wa chai walisimama makundi makundi, na kila nilipokaribia kundi, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua.

Kanuni za baraza zilisema kwamba hoja ya diwani haijadiliwi mpaka diwani mwingine aiunge mkono. Niliijua kanuni hiyo kwa kuisoma, sikuwa nimeielewa. Kata yangu ilikatwa na korongo. Miezi minane ya mwaka lilikuwa mchanga mtupu, watoto wakicheza mpira humo na akina mama wakichimba visima vya mkono. Mvua ikinyesha milimani, hata kama mjini jua linawaka, maji mekundu yalishuka ghafla na kugawa kata mara mbili. Shule na zahanati zilikuwa ng'ambo moja, nyumba nyingi ng'ambo nyingine. Nilitaka kijengwe kivuko cha zege cha watu kupita kwa miguu, basi. Nikaandika hoja, nikaichapa mwenyewe kwa herufi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo, nikaisoma mbele ya baraza nikiwa nimesimama.

"Kuna anayeunga mkono hoja ya mheshimiwa?" mwenyekiti akauliza.

Feni ya dari ilizunguka. Mtu alikohoa. Nilitazama nyuso kwa zamu, na kila uso niliouangalia uliinamia kabrasha.

"Hoja haina mwungaji mkono. Imeanguka. Tuendelee."

Niliketi. Kikao kilichofuata niliileta tena, ikaanguka. Kilichofuata tena, ikaanguka. Ilifika mahali mwenyekiti akawa anatamka maneno hayo kabla sijakaa sawasawa, bila chuki, kama kondakta anayeita kituo. Mhudumu wa chai aliniambia siku moja kwa huruma, "Mheshimiwa, si ungeleta nyingine tu?" Nikamjibu kwamba nyingine nayo itaanguka, na angalau hii nimeizoea.

Wananchi wangu hawakuelewa, na wangeelewaje? Walinichagua ili niseme, nilikuwa nasema. Waliniuliza kila mvua, "Diwani, kivuko vipi?" Niliwaeleza habari za kanuni na mwungaji mkono. Bibi mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kumbe huna hata rafiki mmoja humo?" Alisema kwa kunihurumia, na alikuwa ameieleza kanuni yote kwa maneno machache kuliko mimi.

Miezi mitatu ya mke wangu ilikuwa imekuwa mwaka, kisha mmoja na nusu. Mtoto wa kwanza alifuatiwa na wa pili. Nilipiga simu kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulizungumza habari za wajukuu, za goti lake, za baridi. Siku moja nikajipa moyo nikauliza lililokuwa kifuani.

"Unarudi lini?"

"Sijui," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye mwenyewe ameshangaa, "Nimezoea."

Karani wa posta aligonga kioo kunionyesha kwamba muda umekwisha. Nilimshukuru kwa ishara ya mkono. Nilitembea hadi kiwandani na mchana ule nilipanga herufi za kadi ya harusi ya watu nisiowajua, nikakosea jina la bwana harusi mara tatu, jambo ambalo halikuwa limewahi kunitokea.

Katika baraza alikuwamo diwani wa viti maalumu, mama mstaafu aliyekuwa mkunga. Nusu ya watu wa mji ule walipita mikononi mwake. Alikuwa wa chama kikubwa tangu kilipokuwa chama pekee, na alikuwa mkali kwa kila mtu. Vikao vyote alifuma vitambaa vya meza kwa sindano ya kroshia, macho yakiwa kwenye uzi, na hakuna mwenyekiti aliyethubutu kumkataza. Mimi nilimwamkia kila kikao, naye aliitikia "Marahaba" bila kuinua kichwa. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya hapo.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu, baada tu ya mvua kubwa. Nikasimama na hoja yangu. Nadhani nilikuwa naisoma vibaya siku ile, kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza aibu yake. Mwenyekiti akauliza swali lake. Nikaanza kukaa.

"Naunga mkono."

Sauti haikuwa kubwa. Alikuwa ameweka kitambaa chake mezani na mkono wake ulikuwa juu. Mwenyekiti hakuwa na maneno tayari. Kwa miaka miwili na nusu hakuwa ameyahitaji.

"Mama... unaunga mkono hoja ya mheshimiwa?"

"Nimesema kwa Kiswahili, mwanangu. Naunga mkono. Kanuni inasema sasa ijadiliwe."

Akasimama, akaeleza. Wakati wa mvua zile alikuwa ameitwa kwenda kumzalisha binti ng'ambo ya korongo, kwa kuwa alikuwa bado akiitwa ingawa amestaafu. Alifika ukingoni akakuta maji. Aliketi juu ya jiwe na mkoba wake tangu saa tatu asubuhi mpaka alasiri, akipaza sauti kuwaelekeza wanawake wa ng'ambo, nao wakimjibu kwa sauti, la kufanya na la kutofanya. "Mtoto alizaliwa nikiwa nimekaa pale," akasema. "Nilimsikia akilia. Nimezalisha watu miaka arobaini, na huyo ndiye mtoto wangu wa kwanza niliyempokea kwa kupiga kelele. Sitaki wa pili. Hiyo hoja sijui ni ya nani, mimi najua korongo."

Wakajadili kwa saa nzima. Ilikuwa ajabu kuyasikia maneno "hoja ya mheshimiwa" yakipita kutoka mdomo hadi mdomo. Ilipitishwa iingizwe kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Nilirudi Kikuyu nikitembea upesi, kisha nikakumbuka kwamba sina haraka ya kwenda popote, nikapunguza mwendo.

Baadaye nilisikia kwamba chama chake kilimwita na kumhoji. Muda wa uteuzi ulipokaribia, jina lake halikuwamo. Nilikwenda kumwona shambani kwake nje ya mji, alikokuwa na mizabibu. Nilimkuta akikata matawi makavu. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kumpa pole, na kwamba nasikia vibaya kwa sababu yametokea kwa ajili yangu.

Akaendelea kukata. "Kwa ajili yako?"

"Ndiyo, mama. Kwa kuniunga mkono."

"Sikiliza, baba. Mimi ni mwanachama wa chama changu mpaka siku ya kuzikwa. Chama chako sikipendi, na uchaguzi ukija nitakupinga mtaa kwa mtaa. Nilikuunga mkono siku moja. Sikukuoa."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Akanipa zabibu kwenye mfuko wa karatasi. Lakini njiani nilijua kwamba nilikwenda kule nikitafuta kitu kingine. Miezi yote ile, tangu mkono wake ulipoinuka, nilikuwa nimejiambia kwamba sasa niko na mtu. Nilikuwa nimepanga hata namna tutakavyozungumza, yeye na mimi, habari za mji, kwa miaka ijayo. Zile zabibu nilizila nikitembea, zikaisha kabla ya kufika barabara kuu.

Muda wangu nao ukakaribia kwisha. Tawi letu lilikuwa limekua, lilikuwa na vijana wasomi wa vyuoni, wenye simu za mezani na maneno mapya. Mwalimu alikuwa ameshafariki. Viongozi wetu wa juu Dar es Salaam walikuwa wamegombana, wengine wametoka, na ugomvi wao ulitufikia sisi kama vumbi linavyofika, bila kujua limetoka wapi. Tulikutana kuchagua mgombea, kwenye ua ule ule wa kiwanda changu. Nilikuwa nimeandaa viti mwenyewe. Kijana mmoja, mwenye adabu, akasimama.

"Shikamoo, mzee wetu. Hakuna asiyejua kazi yako. Umebeba chama hiki peke yako. Ila wananchi wanasema, na sisi tunawasikia, kwamba safari hii tumpe mwenyeji."

Watu wakapiga makofi machache, makofi ya aibu. Nilikuwa na kalamu mkononi kwa kuwa ndimi niliyekuwa naandika kumbukumbu. Nikaandika: "Mjumbe alipendekeza apewe mwenyeji." Niliitazama sentensi hiyo. Fundi cherehani alikuwa amekaa karibu nami. Aliinamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua kipande cha uzi. Nilitaka kuwaambia habari za Kondoa, za yaya wangu, za chumba cha nyuma ya duka. Nilitaka kuwaamkia kwa Kirangi, Kigogo na Kisandawe, mmoja baada ya mwingine. Lakini mtu akianza kuthibitisha kwamba ni mwenyeji, tayari ameshakuwa mgeni. Nikasema, "Naunga mkono," nikaandika na hilo.

Mwenyeji wao alishindwa. Chama kikubwa kikairudisha kata, na diwani mpya ndiye aliyejenga kivuko, kwa mpango ule uliopitishwa. Siku ya kufunguliwa kulikuwa na ngoma na hotuba. Nilikwenda nikasimama nyuma, pamoja na wapita njia. Jina langu halikutajwa, na sikutegemea litajwe. Mama mkunga alikuwapo mbele kwenye viti vya wageni, kwa vazi la chama chake, akifuma.

Nilifunga kiwanda nikaenda Uingereza. Nilikaa miezi mitano. Wajukuu walizungumza Kiingereza na kuniita kwa jina la heshima ambalo hawakujua maana yake. Mke wangu alinipokea vizuri mno. Alinitandikia, akanipikia, akaniuliza kama chumvi inatosha, kama anavyoulizwa mgeni. Asubuhi alikwenda na rafiki zake, wanawake wenye umri wake, nami nilimwona kwa dirisha akicheka barabarani kama ambavyo sikuwa nimemwona akicheka tangu zile Jumapili za viatu vingi. Alikuwa amepata watu wake. Ningemwombaje arudi kwenye nyumba ile ya Kikuyu ili tukae wawili?

"Utabaki?" akaniuliza siku moja tukimenya viazi.

"Ungependa nibaki?"

Alifikiria kwa uaminifu, na kwa hilo ninamheshimu. "Ningependa usihuzunike," akasema. "Hapa unahuzunika. Kule pia, lakini kule unajua majina ya vitu."

Nikarudi. Niliandika barua kumjulisha nimefika salama, nimekuta mchwa wamekula fremu ya mlango wa jikoni, na kwamba watu wa mtaa bado wananiita diwani. Jibu lilikuja baada ya mwezi. Aliniandikia kwamba Desemba atakuja kwa wiki sita kukimbia baridi, akaniagiza nimtafutie karanga za Kondoa na nimpigie rangi chumba. Nikampigia rangi, nikarekebisha mlango. Alikuja, tukakaa vizuri, kwa upole, kama watu waliosafiri mbali katika behewa moja. Wiki sita zikaisha nikamsindikiza. Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Mashine ya herufi za risasi nimeiuza kwa chuma chakavu, nimenunua ya kutoa nakala, ambayo haihitaji mtu asome kitu chochote. Mchana, wateja wakipungua, huwa nasoma magazeti mpaka tangazo la mwisho, kisha nafunga na kutembea kwenda nyumbani.